Skana inasoma, printa inaandika @, dongle haionekani: vifaa vya USB viko Busia, Windows iko Kampala

Dada mmoja anayeshika hesabu kwenye duka la jumla pale Busia, upande wetu wa Uganda, ameniandikia swali hili, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu habari ya kazi. Bosi amehamisha kila kitu, sasa Windows zetu ziko kwenye seva ya ofisi kuu Kampala, zinaitwa mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya seva, sisi huku dukani tumebaki na vikompyuta vidogo tunaingia kwa Remote Desktop. Skana ya bakodi inasoma vizuri. Printa ya risiti inatoa maandishi lakini juu kabisa inaandika alama ya @, katikati inachanganya herufi a na E ambazo hatujaziandika, chini inaandika V na karatasi haikatwi. Flashi inaonekana ila iko polepole sana, fundi alituwekea programu ya majaribio ya kupitisha USB kwenye mtandao, inakubali kifaa kimoja tu, tukaiweka flashi. Dongle ya programu ya hesabu, kile kijiti cha USB cha leseni, haionekani kabisa, programu inasema hakuna leseni. Draiva yake (programu ya kuitambulisha kwa Windows) nimeiweka mara tatu kwenye kompyuta yangu. Nimekosea wapi?"

Dada, asante kwa kuviandika vifaa vyako kimoja kimoja na kila kimoja na ugonjwa wake, maana watu wengi huniandikia tu "USB haifanyi kazi" na hapo siwezi kusaidia. Kwako jibu liko ndani ya swali lenyewe. Vifaa vinne vinaingia kwenye tundu la aina moja lakini kila kimoja kinahitaji njia yake, na fundi wako amechukua ile nafasi moja tu uliyokuwa nayo akampa kifaa ambacho hakikuihitaji.

Hebu tuanze na kinachotokea. Ukichomeka kitu Busia, poti iko Busia, umeme wa hicho kifaa unatoka Busia, lakini Windows unayoiona kwenye skrini iko Kampala, kilomita karibu 200 kutoka hapo. Hiyo Windows ya Kampala haina habari yoyote na tundu lako. Unachokiona ni picha yake tu inayoletwa na mtandao, na unachokituma ni vibonyezo vya keibodi na mwendo wa mausi. Kitu kingine chochote lazima kitafutiwe njia ya kupita.

Wewe unakaa mpakani kwa hiyo utanielewa haraka. Mzigo wa sukari ukifika kuna namna mbili, unaweza kuushusha ukapakiwa kwenye gari la upande wa pili, au lori lenyewe livuke na dereva wake na karatasi zake zote. Na USB ni hivyo hivyo. Namna ya kwanza, kifaa kinabaki dukani na kazi yake tu ndo inavuka: herufi zilizosomwa, ukurasa wa kuchapwa, faili la kunakili. Namna ya pili, kifaa chenyewe kinavuka kizima, yaani programu iliyoko kwenye kompyuta yako inakikamata, inaizuia Windows ya hapo isikiguse, kila ombi na kila jibu la USB linafungwa kwenye pakiti za mtandao, na kule Kampala ndani ya mashine pepe kuna kidhibiti cha USB cha kuigiza kinachoiambia Windows kwamba kuna kitu kimechomekwa sasa hivi. Hiyo ya pili ndo watu wanaiita redairekti ya USB. Inafanya kazi, mimi naitumia, lakini lori zima kuvuka ni kazi kubwa, usivushe lori kama ulihitaji magunia tu. Waya wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, waliotengeneza hawakufikiria barabara ya kwenda Kampala.

Skana tuiache, iko sawa. Skana nyingi za bakodi zinajitambulisha kwa kompyuta kama keibodi, ukisoma bakodi ya sabuni ni kama mtu ameandika tarakimu 13 haraka sana akabonyeza Enta, na keibodi tayari inavuka. Fundi akikuambia airedairekti kataa, hutapata faida yoyote na siku mtandao ukisita utaanza kukosa tarakimu.

Printa sasa. Hizo herufi ulizoniandikia zimenifurahisha maana zinasema ukweli wote. Printa za risiti nyingi zinaongea lugha yake inaitwa ESC/POS. Ndani ya lugha hiyo, @ ni amri ya kuianzisha printa upya, a ni ya kupanga maandishi katikati au pembeni, E ni ya kukoleza wino, na V ndo amri ya kukata karatasi. Kila amri inatanguliwa na alama isiyoonekana kwenye karatasi. Kwa hiyo printa yako si mbovu na waya si mbovu, amri zinatoka kwenye programu ya hesabu vizuri kabisa, ila njiani kuna draiva ambayo haijui lugha hiyo, inachukua amri na kuzichora kama maandishi ya kawaida. Ndo maana unaona V na karatasi haikatwi.

Draiva hiyo kwenye Remote Desktop mara nyingi ni Easy Print. Kwa karatasi za A4 ni nzuri sana, unachapa barua bila kuweka draiva ya printa kule kwenye seva, mimi sina ugomvi nayo. Kwa risiti inaharibu. Mwambie fundi afanye mambo mawili kwenye mashine pepe ya Kampala: aweke draiva halisi ya hiyo printa, jina la draiva liwe lile lile herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kompyuta yako ya dukani, halafu kwenye sera za Windows hiyo, ile inayosema itumie Easy Print kwanza, aizime. Mtoke kwenye seshen kabisa, sio kufunga dirisha tu, muingie tena. Hapo amri zitapita zilivyo mpaka kwenye printa na utasikia kisu kinakata.

Kama bosi yuko tayari kutoa hela kidogo, kuna njia ninayoipenda zaidi, printa ya risiti yenye tundu la mtandao. Unaipa anwani yake isiyobadilika, mashine pepe inaiandikia moja kwa moja kupitia poti ya mtandao namba 9100 ndani ya VPN ya kampuni, yaani njia yenu ya siri ndani ya intaneti, na habari ya USB inaisha hapo hapo. Mwezi ujao ukibadilisha kompyuta ya dukani printa haihusiki.

Flashi. Hapa nikae kidogo maana najua bosi ameshaanza kusema mnunue bando kubwa zaidi, na bando haitasaidia.

Flashi ikivushwa kama kifaa, Windows ya Kampala inaongea nayo kama inavyoongea na flashi iliyo mezani pake. Inatuma amri, inasubiri, inapokea data, halafu inapokea hati ya kuthibitisha kwamba kazi imeisha, ndo inaanza amri inayofuata. Hatua tatu kwa kila kipande, na kipande tuseme ni kilobaiti 64. Mezani kila hatua ni sehemu ndogo sana ya sekunde, huhisi kitu. Sasa fungua dirisha la amri uandike ping na anwani ya seva ya Kampala, uone milisekunde. Tuseme ni 80, kama unatumia modemu ya simu hiyo ni kawaida. Hatua tatu zikisubiriana ni milisekunde 240, kwa hiyo vipande vinne kwa sekunde, kama kilobaiti 260 hivi. Faili la stoku la megabaiti 20 litachukua zaidi ya dakika moja na robo, wakati kwenye tundu la mezani lingechukua sekunde chache tu. Na bando ikiwa kubwa mara kumi bado kila gunia linasubiri jibu kutoka Kampala kabla la pili halijashushwa, unachosubiri ni safari ya kwenda na kurudi, upana wa barabara haupunguzi safari. Kuna programu zinazojitahidi kutuma maombi mengi kwa pamoja na hapo inakuwa afadhali, lakini msingi unabaki huo.

Halafu kuna hatari kubwa kuliko uchelewaji. Flashi ikiwa imevushwa namna hiyo, anayeandika jedwali la mafaili ni Windows ya Kampala. Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha hapo dukani katikati ya kuandika, ni sawasawa na mtu amechomoa flashi bila kuaga. Nimeshakaa usiku mzima na flashi ya duka moja Mbale, mwisho wa mwezi, mwenye duka amekaa kwenye kiti cha plastiki ananiangalia tu, mafaili yalikuwemo lakini majina yote yamegeuka alama alama. Tuliokoa nusu. Sitaki likupate.

Dawa ni rahisi na haina malipo. Kwenye Remote Desktop kabla ya kuunganisha fungua chaguo zaidi, nenda sehemu ya rasilimali za kompyuta yako, weka tiki kwenye diski, ukipenda weka na ile tiki ya diski nitakazochomeka baadaye. Ukishaingia Kampala utaona flashi imeorodheshwa kama diski iliyotoka kwenye kompyuta yako, au andika \\tsclient kwenye upau wa anwani. Hapo lori limebaki Busia, anayeishika flashi ni Windows ya hapo dukani, kinachosafiri ni faili. Itakuwa haraka zaidi, na umeme ukikatika katikati ya kunakili utakachopoteza kwa kawaida ni hilo faili moja. Flashi ikishatoka kwenye programu ya fundi, ile nafasi moja imebaki wazi.

Nafasi hiyo ilikuwa ya dongle tangu mwanzo. Dongle haina kazi ya kushusha. Haina faili la kukupa, haina ukurasa wa kuchapa, yenyewe ndo inatakiwa ionekane, programu ya hesabu inaiuliza swali la siri nayo inajibu, bila hiyo hakuna leseni. Kati ya vifaa vyako vinne ni hiki kimoja tu ndo lazima kivuke kizima.

Ulikosea wapi? Draiva. Umeiweka mara tatu kwenye kompyuta ya dukani, na pale haina kazi. Kifaa kikivushwa, Windows ya dukani inakiachia kabisa, inakuwa kama haijakiona, anayekihitaji kukielewa ni Windows ya Kampala. Draiva iwekwe kule, ndani ya mashine pepe, na mtu mwenye haki za admini. Ukivusha dongle sasa bila draiva kule utaona kwenye Device Manager ya Kampala pembetatu ya njano na namba ya kosa 28, maana yake kifaa nimekiona ila sina draiva. Hiyo ni habari njema, njia imefunguka. Namba 10 ni nyingine, kifaa kimeonekana, draiva ipo, lakini hakikuweza kuanza, na kwa vifaa vilivyovushwa mara nyingi mimi huwa naangalia mtandao kwanza, au draiva ya zamani.

Kama hamtaki programu ya kulipia, Remote Desktop yenyewe inaweza kuvusha kifaa kizima ila imefichwa. Kwenye kompyuta ya dukani, iwe Windows Pro sio Home, fungua gpedit.msc, ndani ya Administrative Templates nenda Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Connection Client, utakuta sehemu ya RemoteFX USB Device Redirection. Iwashe, ruhusu watumiaji wote au admini peke yake, halafu uzime na kuwasha kompyuta. Kule Kampala fundi ahakikishe sera inayokataza vifaa vya Plug and Play haijawashwa. Ukifungua tena Remote Desktop utakuta chini ya orodha ya rasilimali kumetokea kikundi kipya cha vifaa vingine vya USB. Chomeka dongle kabla ya kuunganisha, uiwekee tiki. Isipotokea kwenye orodha usiendelee kupoteza siku, kuna vifaa ambavyo njia hii haivikubali.

Lakini kabla hujafanya hayo yote nina swali kwako, hiyo programu ya hesabu mnaitumia watu wangapi? Kama ni wewe na keshia wawili na kila mmoja ana mashine pepe yake, dongle ikivuka kwenda kwako wao hawana kitu, kifaa kimoja kinaonekana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tena kuna programu ambazo leseni yake inakagua kama umekaa mbele ya kompyuta au umeingia kwa mbali, na ukiwa umeingia kwa mbali inakataa hata dongle ikiwa imeonekana vizuri. Piga simu kwa waliowauzia, uliza maneno haya mawili tu: leseni yetu inaruhusu Remote Desktop, na je kuna leseni ya mtandao, yaani moja inayotumiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao?

Na kuna umeme. Kila mara seshen yako ikikatika dongle inarudi Busia, na programu nyingi zinaiuliza dongle kila baada ya muda, zikikosa jibu zinajifunga na kazi ambayo hujahifadhi imekwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa nasema kwa moyo wote: dongle isikae Busia. Ifunge vizuri, ipeleke Kampala na mtu unayemwamini, ichomekwe nyuma ya seva, na seva ndo iikabidhi kwa mashine pepe. Safari inabaki ya sentimita chache. Namna ya kuikabidhi inategemea seva inaendeshwa na nini, na hili fundi wa Kampala lazima akujibu. Ikiwa ni Proxmox au KVM nyingine, programu za kuendesha mashine pepe, anaandika lsusb anaona kitambulisho cha kifaa, kwa mfano dongle za HASP za zamani zinaonekana kama 0529:0001, anaongeza kifaa hicho kwenye mashine pepe kwa kutumia namba hizo. Kama mna dongle mbili za aina moja namba zitafanana, hapo achague kwa poti na asizibadilishie matundu. VMware ESXi nayo inaweza, anaongeza kifaa cha USB cha seva. VirtualBox anaweka kichujio cha USB, na kama seva ni Linux ahakikishe mtumiaji yuko kwenye kundi la vboxusers, wengi wanakwama hapo tu. Ikiwa ni Hyper-V basi ajue mapema kwamba Hyper-V haipitishi USB kama hii kwenda kwenye mashine pepe, asihangaike kutafuta menyu. Hapo inabidi kiboksi cha USB cha mtandao kikae chumba kimoja na seva, au mrudi kwenye ile leseni ya mtandao. Leseni za mtandao za HASP zinaongea kwa poti 1947, hiyo ifunguliwe ndani ya ofisi tu.

Nikigusa haraka kwa wengine wanaosoma ambao hawatumii Remote Desktop. Mkiingia kwa SPICE na remote-viewer, njia nyingine ya kuona mashine pepe kwa mbali, mashine hiyo lazima iwe na chaneli za kuvusha USB, kila chaneli inabeba kifaa kimoja, ukiona cha tatu kinakataa hesabu chaneli zako kwanza. Kompyuta ya mteja ikiwa Windows itahitaji draiva ya UsbDk. Linux kwa Linux kuna usbip, iko ndani ya kernel, kiini cha Linux yenyewe: upande wenye kifaa unawasha usbipd na kukifunga kifaa kwa usbip bind, upande wa pili unapakia vhci-hcd na kukivuta kwa usbip attach. Kamera na maikrofoni msivivushe kama vifaa kabisa kwenye mtandao wa mbali, vinahitaji data ifike kwa wakati kamili na haisubiri, picha itakatika katika, tumieni njia ya video na sauti ya programu yenyewe.

Jambo moja la usalama siwezi kuliruka. Usbip inaongea kwa poti 3240 na yenyewe haifichi data wala haiulizi nenosiri. Nimeona watu wanaifungua kwenye intaneti wazi ili "ifanye kazi haraka". Tafadhali msifanye hivyo, ipite ndani ya VPN, WireGuard inatosha. Na fundi akikuta USB imefungwa kwenye seva asikasirike, mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba flashi inaweza kubadilishwa ndani ijifanye keibodi na kuanza kuandika amri yenyewe. Kifaa kikivushwa kizima kinaingia ndani ya mashine ya Kampala, kwa hiyo afungue dongle hiyo moja kwa kitambulisho chake, zilizobaki ziendelee kufungwa.

Fanya Jumapili baada ya kufunga duka, kwa mpangilio huu: flashi kwanza maana ni tiki moja, halafu printa, chapa risiti tano za majaribio uangalie @ imepotea na kisu kinakata. Dongle uipeleke Jumatatu. Ikishachomekwa Kampala mpigie fundi, umwambie azime seva na kuiwasha tena ukiwa bado uko kwenye simu, halafu wewe ingia ufungue programu ya hesabu uone kama leseni imerudi yenyewe bila mtu kuigusa dongle. Umeme wa Kampala nao hukatika, na usiku hakuna mtu ofisini wa kuichomoa na kuichomeka upya.